Ng'ombe Hasemi "Naumwa": Namna ya Kuyatambua na Kuyapunguza Maumivu ya Mifugo

Nilikuwa kimya kidogo, kazi za chanjo zilinibana. Leo nimerudi na jambo ambalo nimelisoma darasani, nimelifundisha kwenye semina, na bado likanipita mbele ya macho yangu bandani kwa mtu.

Kijana mmoja wa Mwandiga, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, alinipigia simu: "Afisa, njoo umwone huyu ng'ombe wangu, amekuwa mkorofi. Anapiga teke ndoo, na maziwa anayabana." Ni chotara wa Friziani, uzao wa pili, alikuwa anatoa lita 12 kwa siku, zimeshuka mpaka 7. Nilipofika nikakuta ameshafungwa kamba miguu ya nyuma na fimbo iko pembeni. Nikakagua kiwele, nikakamua matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi, hakuna mabonge wala damu. Joto la kawaida. Nikaangalia kope, nikaona zimepauka kidogo, nikasema ni minyoo. Nikaacha dawa, nikapanda bodaboda, nikarudi zangu mjini.

Siku kumi baadaye simu ikaita tena. Lita zilikuwa 5. Safari hii kabla ya kugusa chochote nilimwambia kijana, "Mdogo wangu, hebu mtoe nje atembee." Hapo ndipo nilipoona nilichotakiwa kuona siku ya kwanza. Mgongo umepinda kama upinde, kichwa kiko chini, mguu wa nyuma wa kushoto anaukanyaga kama mtu anayepita juu ya mawe ya moto. Tukamfunga vizuri, tukaunyanyua mguu kwa kamba juu ya boriti, tukaosha kwato. Nilipopunguza kwa kisu cha kwato ukucha wa nje, kikatokea kidonda chini yake, chekundu, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Yule ng'ombe hakuwa mkorofi. Akibanwa kamba ya miguu wakati wa kukamuliwa, uzito wote ulikuwa unaangukia kwenye kidonda. Wewe ungefanya nini? Ungepiga teke.

Na niseme ukweli wote: ile sakafu ya zege isiyo na matandiko nilimshauri mimi mwenyewe mwaka uliopita, kwa ajili ya usafi. Usafi tuliupata. Kuhusu kulalia, hakuna aliyefikiri.

Piga hesabu kwa bei ya kwako. Upungufu wa lita 5 kwa siku, kwa siku ishirini, ni lita 100. Ukiuza lita kwa shilingi 1,500, hiyo ni 150,000 imemwagika, mbali na dawa ya minyoo ambayo haikuhitajika. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaofuga kibiashara. Huruma ni jambo zuri, lakini hata asiye na huruma, akiwa na daftari la hesabu, atafika palepale.

Maumivu yanafanyaje kazi

Kwenye ngozi, misuli, viungo na ndani ya kwato kuna ncha za mishipa ya fahamu ambazo kazi yake ni kupeleka taarifa ya hatari. Ukikanyaga msumari, taarifa inapanda mpaka uti wa mgongo na mguu unaruka kabla hujafikiri. Halafu ubongo ndipo unapojua kwamba umeumia. Mitambo hiyo ng'ombe anayo, mbuzi anayo, nguruwe anayo, kuku pia. Hata samaki: mwaka 2003 watafiti wa Uskoti, akiwemo Lynne Sneddon, walionyesha kuwa samaki aina ya trauti ana ncha za namna hiyo usoni na mdomoni. Wenye vizimba vya sato hapa ziwani, mkumbuke hilo siku ya kuvua.

Jambo la pili ndilo wengi hawalijui. Sehemu iliyoumia hutoa kemikali ambazo zinaamsha uvimbe na kuzifanya zile ncha ziwe nyepesi kushtuka. Ndiyo maana kidonda cha jana kinauma hata kikiguswa na nzi. Na maumivu yakiachwa siku nyingi, uti wa mgongo wenyewe unajifunza kupaza sauti, kiasi kwamba jeraha dogo linaleta maumivu makubwa, na wakati mwingine kidonda kinapona lakini mnyama anaendelea kuumia. Kwa hiyo dawa ya maumivu inayotangulia kisu inafanya kazi nzuri kuliko ile inayokuja baada ya mnyama kulia. Wakati huohuo mnyama mwenye maumivu hali vizuri, anacheua kidogo, analala kidogo au analala kupita kiasi, joto lake halionekani vizuri, mimba inachelewa. Maziwa na uzito ndivyo vinavyolipia.

Sasa kwa nini hasemi? Kwa sababu babu zake waliishi na simba. Porini, ng'ombe au mbuzi anayeonyesha udhaifu ndiye anayechaguliwa kwanza. Kwa hiyo mifugo yetu imerithi tabia ya kuficha. Mbele yako, hasa ukiwa mgeni au umeshika fimbo, atajikaza. Mimi siku ya kwanza nilimkagua akiwa amefungwa, nimesimama sentimita thelathini kutoka kwake. Angenionyesha nini?

Wapo wanaosema kuku hana maumivu, ni kuku tu. Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walichapisha mwaka 2000 jaribio moja ninalolipenda sana. Waliwapa kuku wa nyama chakula cha rangi mbili tofauti, kimoja kimechanganywa na dawa ya kutuliza maumivu. Kuku wanaochechemea walikula zaidi kile chenye dawa kuliko kuku wazima, na kadiri kuku alivyochechemea zaidi ndivyo alivyozidi kukichagua. Walijua miguu yao.

Namna ya kumsoma

Simama mbali, kama hatua kumi, bila kelele, dakika tano. Asubuhi kabla ya kulisha ni wakati mzuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark, walitoa mwaka 2015 kipimo cha maumivu kwa ng'ombe wa maziwa, na uzuri wake hakihitaji kifaa chochote. Unatazama kama anajali yanayoendelea pembeni yake, kichwa kiko juu au chini ya mgongo, masikio yako mbele au yamelala nyuma au yameanguka pembeni, uso umetulia au umekazwa kuzunguka macho na pua, mgongo umenyooka au umepinda, na ukimsogelea anafanya nini. Ng'ombe mzima akikuona anageuza masikio, anakuja au anaondoka. Mwenye maumivu anakutazama kama hayupo.

Ongeza na haya ya kwetu: anasaga meno wakati hana kitu mdomoni, anaguna akishusha pumzi, anahamisha uzito mguu hadi mguu, anajitenga na wenzake, wa mwisho kufika horini na wa kwanza kuondoka. Tumbo likimuuma anaweza kulipiga teke au kugeuka kulitazama. Halafu mtembeze. Nasema tena, mtembeze, kwenye ardhi ngumu na tambarare. Mgongo unaopinda akitembea ni dalili ya mapema ya mguu mbovu, kabla hata ya kuchechemea waziwazi.

Mbuzi ana kelele zaidi, lakini kelele siyo kipimo. Mbuzi anayepiga kelele akishikwa huenda ana hofu tu, na aliyenyamaza kabisa pembeni akisaga meno ndiye wa kukimbilia. Nguruwe mwenye maumivu mkia unalegea, anakaa kama mbwa, hataki kunyanyuka hata pumba ikimwagwa. Kuku anajikunyata, manyoya yamesimama, anafumba macho mchana.

Jiwekee daftari. Siyo la kifahari, la kaunta tu: lita za kila ng'ombe kila siku, nani kachelewa horini. Ng'ombe hawezi kuongea lakini zile namba zinaongea.

Maumivu tunayowasababishia sisi

Kuna maumivu ya ugonjwa na ajali, halafu kuna yale tunayopanga kwenye kalenda: kuhasi, kukata pembe, kuweka alama. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 tunayo hapa Tanzania, inakataza kumtesa mnyama bila sababu, lakini tusingoje sheria.

Kuhasi. Kanuni ya kwanza ni umri. Ndama wa wiki chache anaumia muda mfupi na anapona haraka. Dume la miaka miwili linaumia sana, linavimba, linapoteza uzito. Najua kwa nini mnachelewesha, mnataka muone kwanza kama atafaa kuwa dume la mbegu. Basi amueni mapema. Burdizo, ile koleo isiyotoa damu, ikitumika vizuri inabana kila mshipa wa korodani peke yake, na alama za kushoto na kulia zisikutane kwenye mstari mmoja, la sivyo mfuko wote unakosa damu na kuoza. Mpira wa kubana wengi wanaupenda kwa sababu ni rahisi na mnyama ananyamaza baada ya muda. Kunyamaza huko kusikudanganye: maumivu ya mpira yanadumu wiki kadhaa mpaka ngozi ikatike, na kidonda chake ni mlango wa pepopunda. Kwa njia yoyote ile, mwombe mtaalamu achome ganzi kwanza na asubiri ishike. Ganzi inadumu saa moja au mbili hivi, kwa hiyo aongeze na sindano ya kutuliza maumivu kwa ajili ya siku zinazofuata. Gharama yake ni ndogo kuliko uzito atakaoupoteza.

Pembe. Wenye chotara wa maziwa, shughulikieni vichipukizi vya pembe ndama akiwa bado mdogo, kabla ya miezi miwili, wakati kichipukizi bado kinacheza juu ya ngozi na hakijashikana na fuvu. Kuchoma kwa chuma cha moto baada ya ganzi ni kazi ya dakika chache. Ukisubiri akue, ndani ya pembe kuna uwazi unaoungana na uwazi wa fuvu. Ukikata kwa msumeno umefungua kichwa, na nzi hawahitaji mwaliko. Na kwa wale wa Kibondo na Kakonko wenye ng'ombe wa asili wa pembe ndefu, mimi sioni sababu ya kuwakata hata kidogo. Wapeni nafasi kwenye hori. Mwana mbuzi naye ana hatari yake: ni mwepesi sana kudhurika na dozi kubwa ya ganzi, fuvu lake ni jembamba, kwa hiyo kazi hiyo asiifanye mtu kwa kukisia.

Kuchoma mitoki. Hili nitalisema bila kuzunguka. Ng'ombe akipata ndigana kali, tezi za chini ya sikio na mbele ya bega zinavimba, na wazee wengi, wa hapa kwetu na wafugaji waliohamia Uvinza na ng'ombe wao, wanazichoma kwa chuma chenye moto. Nawaheshimu wazee wangu, walitumia walichokuwa nacho. Lakini ndigana kali inaletwa na kijidudu kinachoenezwa na kupe, kiko ndani ya chembe za damu na tezi za mwili mzima. Chuma cha moto hakimfikii. Unamwongezea mnyama mgonjwa kidonda cha moto, na unapoteza siku mbili ambazo dawa ya ndigana ingefanya kazi. Dawa hiyo ipo, inaitwa buparvakwoni, na inasaidia zaidi ikiwahi. Bora zaidi, ogesha kila wiki.

Dawa: ipi ni ipi

Ukiingia kwenye maduka mengi ya pembejeo ukasema "ng'ombe wangu anaumwa", utapewa OTC. Rafiki zangu, oksitetrasaiklini inazuia bakteria kuzaliana. Haitulizi maumivu. Tena ile ya asilimia 20 yenyewe inachoma kwenye msuli, mnyama anaweza kuvimba pale ulipomchoma. Penisilini vilevile, siyo dawa ya maumivu. Kama kuna bakteria, itaondoa chanzo baada ya siku kadhaa, na katika siku hizo mnyama anaendelea kuteseka na lita zinaendelea kushuka.

Dawa za maumivu tunazotumia zaidi ni zile zinazozuia kemikali za uvimbe nilizozitaja juu: meloksikamu, ketoprofeni, fluniksini. Meloksikamu naipenda kwa sababu sindano moja inamsaidia ng'ombe zaidi ya siku moja. Kipimo chake kwa ng'ombe ni miligramu nusu kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo ng'ombe wa kilo 400 anahitaji miligramu 200. Lakini soma chupa! Zipo za miligramu 5 kwa mililita na zipo za miligramu 20. Ile ya 20 unachoma mililita 10. Ukichukua mililita hizohizo kwenye ya 5 umempa robo ya dozi, halafu utasema dawa ni feki. Pima uzito kwa utepe wa kifua, usikadirie kwa macho. Na usimpe mnyama aliyekaukiwa maji kwa kuhara mpaka anyweshwe kwanza, maana dawa hizi zinaweza kuumiza figo na tumbo.

Muda wa kusubiri ni lazima. Ulaya, kwa meloksikamu ya sindano kwa ng'ombe, maziwa hayauzwi kwa siku 5 na nyama kwa siku 15. Wewe fuata kibandiko cha dawa uliyonunua, na hakikisha imesajiliwa na TMDA. Maziwa yenye dawa usiuze, na usimpe jirani kwa wema.

Deksamethasoni siyo mbadala. Inapunguza uvimbe haraka, mnyama anasimama, wote mnafurahi. Lakini inashusha kinga, na kwa ng'ombe mwenye mimba kubwa inaweza kumtoa mimba.

Diklofenaki ya binadamu, naomba muiache kabisa. Huko Asia Kusini ilitumika kwa ng'ombe, ng'ombe wakafa na mizoga kuliwa na tumbusi, na figo za tumbusi zikafa. Ndege waliokuwa mamilioni wakapungua mpaka karibu kuisha, na mwaka 2006 India, Pakistani na Nepali zikaipiga marufuku kwa mifugo. Sisi tunao tumbusi upande wa Moyowosi, wanatusafishia mizoga bure. Meloksikamu haiwadhuru.

Na panadol kwa paka wa nyumbani ni sumu. Siyo mada, lakini nimeulizwa mara nyingi.

Mbuzi wa kwenye boti

Siku nyingine nipo Kibirizi, boti inatoka vijiji vya kusini, mbuzi wamefungwa miguu minne pamoja, wamelazwa chini na magunia juu yao. Safari ya usiku kucha. Nilimkuta mzee mwenye mzigo, nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza kama naweza kumfungulia mmoja. Akakubali. Mbuzi alishindwa kusimama. Kamba ilikuwa imezama kwenye ngozi, mguu wa baridi.

Mzee akasema, "Mwanangu, nisipowafunga wataruka ziwani." Ana hoja. Tukakaa tukaongea. Damu isipopita kwenye mguu kwa saa nyingi, misuli inakufa, na inauma kuanza kufa na inauma zaidi kamba inapofunguliwa. Mahali mbuzi alipolaliwa na gunia nyama inavilia damu, na mchinjaji wa Ujiji anaikata na kuitupa, anamlipa mzee pungufu. Mnyama aliyeteseka njia nzima anamaliza nguvu ya akiba kwenye misuli, nyama inakuwa nyeusi, kavu, na inaharibika mapema. Uzio mdogo wa mbao katikati ya boti, mbuzi wakisimama wakiwa wamefungwa kamba fupi shingoni kwa fundo linalofunguka haraka, magunia upande mwingine: mzee alisema atajaribu kwa boti moja. Wewe unayenunua mbuzi kusini kwa ajili ya soko la Kigoma mjini, una sauti zaidi kuliko mimi. Mwambie nahodha kabla hujalipa.

Yule ng'ombe wa Mwandiga

Tulimsafisha kidonda, tukapunguza ukucha ulioumia ili usibebe uzito, na tukabandika kipande cha ubao chini ya ukucha mzima wa mguu uleule ili yeye atembelee huo. Akapata sindano ya kutuliza maumivu siku hiyohiyo. Hii siyo akili yangu. Mwaka 2015 watafiti wa Nottingham walilinganisha njia hizi, na ng'ombe waliopata vyote vitatu, kukatwa kwato, ubao na dawa ya maumivu, ndio waliopona vizuri zaidi. Tukamwaga maranda ya kutosha kutoka kwa mafundi seremala, maji na majani yakasogezwa karibu, akatengwa mahali anapowaona wenzake.

Kamba ya miguu tuliitoa. Kijana aliogopa teke, nikamwambia nitakamua mimi. Nilikamua nikiwa na wasiwasi, sitaficha. Hakupiga.

Maziwa yalimwagwa siku zote za kusubiri, na hilo lilimuuma kijana kuliko lilivyomuuma ng'ombe. Wiki ya nne alikuwa amerudi lita 10, na sasa yuko 11. Ile ya 12 hatujaipata mpaka leo. Ng'ombe wengine wawili wa bandani humo tumewanyanyua miguu, mmoja tumemkuta kidonda kinaanza, bado hajachechemea. Maranda sasa yanabadilishwa kila Jumamosi, na Alhamisi nitakuwa pale tena kutoa ubao.